Maji ya Kilio cha Mahoro

Beseni la kwanza Niyigena aliliazima kwa muzee Munyakazi, chef wa avenue, mkuu wa mtaa wao, maana alijua huyo akishatoa, wengine hawatauliza sana. Muzee alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake pale Mabanga, redio ubavuni, akamtazama msichana kuanzia viatuni mpaka kichwani.

"Beseni ya nini? Kuko ndoa?"

"Kuko kazi kule depo, muzee."

"Kazi gani ya beseni?"

"Ya maji."

"Weye na kazi zako!" Hata hivyo akamwita mke wake alete lile kubwa la bluu. "Jumamosi ikuwe hapa. Na isirudi na rangi. Ile siku muliazima bidon zetu, mulizirudisha zote na macho na midomo. Bibi yangu aliogopa kuchotea maji."

Niyigena akaapa kwamba halitarudi na macho, akaenda nyumba ya pili.

Kuazima beseni Mabanga si jambo la kuandikiana. Kukiwa na ndoa, ubatizo au msiba, unapita mlango kwa mlango, na kila nyumba inakupa chombo chenye alama yake. Huyu amepaka varnish nyekundu ya kucha ukingoni, yule ametoboa tundu kwa msumari wa moto, mwingine amefunga uzi wa kijani sikioni mwa beseni. Shughuli ikiisha kila chombo kinarudi kwa mwenyewe, na ole wako ukichanganya. Kufika saa sita mchana Niyigena alikuwa amepata mabeseni thelathini na mawili, nyumba zote za avenue ukitoa ya kwao, akayapakia kwenye chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kusukuma, yakaenda depo yakigongana njia nzima. Watu walimuuliza habari za courant, ule umeme usiokaa, za mvua, za rafiki yake Gauthier aliyenyoa ndevu akaonekana mgonjwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mama yake.

Na hapo ndipo penye neno lote. Mama yake, Uwamariya, alikuwa bado ameketi mkekani, mwaka mmoja na miezi minne tangu binti yake mkubwa Mahoro azikwe, na alikuwa anakonda. Alipika, alifagia, alifua, halafu alirudi mkekani. Kanisani haendi, sokoni haendi, kiti hakigusi. Ukimwambia ainuke anakujibu kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayekuambia chumvi imekwisha: "Kilio hakijaisha. Hakuna mutu alinawa." Niyigena aliogopa. Aliogopa kwamba asubuhi moja ataamka amkute mama amekufa pale pale chini, na nyumba imebaki yake peke yake. Mabeseni yote yale yalikuwa kwa ajili hiyo tu, amwinue mama yake.

Maana kwa watu wa kwao, mtu hazikwi makaburini tu. Ukitoka kufukia udongo unarudi nyumbani kwa marehemu. Mlangoni kuna beseni, sabuni na taulo, na mtu wa familia ameshika birika. Anakumiminia, unanawa mikono, ndipo unaingia, unakaa, unapewa cha kunywa, na mkubwa wa familia anasema neno la shukrani. Asiyenawa hajazika. Na maji ya kilio yakishawekwa hayamwagwi mpaka mikono imepita ndani yake. Hata walevi wa Mabanga wanalijua hilo. Wala hakuna anayeitwa kunawa. Unakuja mwenyewe, kwa miguu yako, au hukuja.

Mahoro, dada mkubwa, alikuwa msusi. Kibanda chake cha mbao kilikuwa pembeni mwa barabara, na kwa kuwa robinet ya avenue inatoa maji siku inayotaka yenyewe, aliosha vichwa kwa beseni na kikombe. Nusu ya wanawake wa pale wamewahi kulaza shingo ukingoni mwa beseni lake, macho wamefumba, vidole vyake vikitembea polepole kichwani, wakamwambia mambo ambayo padri hajawahi kuyasikia. Wengine walisinzia kabisa. Mahoro hakuwaamsha. Alisimama kimya, kichwa cha mtu mkononi, mpaka mwenyewe afumbue macho na kuuliza ni saa ngapi.

Kisha ikaja mpox, na kwake vipele vilianzia mikononi. Ee Mungu, msusi, mikononi! Siku ya pili kibanda kilikuwa kitupu. Siku ya tatu mtu alikuwa amemwaga majivu mlangoni pake, mstari mrefu, kama wanavyozuia siafu. Wengi wanaougua mpox wanapona. Mahoro hakupona, kwa kuwa mwili wake ulikuwa na vita nyingine ya zamani ambayo hakumwambia mtu, na sisi tutaiacha hapo hapo alipoiacha yeye. Alilala wiki tatu mahali pa matibabu, akazikwa na watu waliovaa plastiki nyeupe wasioonekana nyuso, na mama yake akarudi nyumbani akaweka maji mlangoni.

Alisimama na birika kuanzia saa nane mpaka jua likazama. Hakuna aliyekuja. Avenue ilikaa milangoni ikitazama. Wengine waliona haya, wengine waliogopa kweli, na kuogopa si dhambi, lakini walikaa wakatazama, jamani, kama watu walio kwenye mechi. Jioni mvua ikanyesha, beseni likafurika, maji yakaenda zake kwenye mawe. Kesho yake salamu zikarudi, za mbali mbali, na jina likabadilika. Miaka thelathini na moja alikuwa Mama Mahoro. Sasa akawa Mama Niyigena, utafikiri mtoto wa kwanza hakuzaliwa. Hilo lilimuuma Niyigena kuliko majivu.

Yeye mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na saba, mchoraji asiyechora tena. Siku hizi alifanya kile ambacho Gauthier anakiita installation: unachukua vitu, unaviweka mahali, unaondoka, vinabaki vikisema. Mama yake alipoulizwa zamani na wenzake wa kanisani kwamba binti anafanya kazi gani, alijibu bila kucheka, "Anapanga vyombo."

Wazo la mabeseni lilimjia mchana wa ukungu, katika ule usingizi ambao bado unasikia majirani wakitwanga majani ya sombe. Aliona avenue imejaa maji ya magotini, maji yaliyotulia, yasiyotoka popote. Mabeseni yalikuwa yametoka majumbani, yanaelea, yanakwenda polepole mlango kwa mlango yakigonga kwa ukingo, ko, ko, yakitafuta wenyewe. Mahoro alikuwa ameketi kizingitini, miguu majini, nywele zake mwenyewe hazijasukwa. "Usitembee haraka," alimwambia. "Utayatibua." Niyigena akataka kumuuliza jambo, lakini kinywa chake kilikuwa kizito, na beseni moja likapita kati yao. Alipoamka mikono yake ilikuwa baridi mpaka viwikoni.

Depo ilikuwa ghala la kahawa la zamani, karibu na ziwa, na Gauthier ndiye aliyekuwa na ufunguo. Mabati yake yametobolewa na misumari ya miaka mingi, na jua likipita kunadondoka madoa madogo ya mwanga kila mahali, sakafuni, mabegani mwako, kwenye kikombe chako cha chai. Bado kulikuwa na harufu ya kahawa ndani ya kuta. Niyigena alitandaza mchanga mweusi wa volkano sakafu nzima, kisha akapanga mabeseni juu yake kwa mfuatano wa nyumba za avenue: hapa boutique ya Nshobole kwenye kona, hapa fundi cherehani Philomène, hapa muzee Munyakazi, mpaka mwisho. Anayekaa kule angeweza kuingia, kutembea katikati, na kujua amefika kwa nani bila kuambiwa. Kando ya kila beseni aliweka kipande cha sabuni na taulo lililokunjwa. Maji yaliletwa na chukudu kutoka ziwani, bidon kwa bidon, na ukungu wa asubuhi uliingia pamoja nayo, ukakaa ndani bila haraka.

Walipokuwa wanajaza lile la mwisho, mlima wa moto ukatikisika kidogo, mtikisiko wa kila siku ambao hata mbwa hawaupigii kelele. Lakini katika mabeseni yote thelathini na mawili duara moja moja lilizaliwa katikati, kwa wakati mmoja, likatembea mpaka ukingoni, likapotea. Gauthier alikuwa na bidon mkononi na akasahau kuitua.

"Sasa texte," akasema alipoikumbuka. "Watu wa ville watataka texte ya ukutani. Tunasema ni kuhusu mpox, kuhusu kutengwa, kuhusu deuil, kilio. Mistari kumi."

"Hakuna texte."

"Niyi, watu wataingia wafikiri kuko kufua nguo!"

"Wa avenue hawahitaji kusoma."

Gauthier akainua mikono, akaishusha. Kisha akaonyesha mwisho wa safu, mahali palipobaki mchanga mtupu na birika peke yake. "Na hapa? Nyumba yenu?"

"Sisi ni wenye kilio. Mwenye kilio anamimina, hanawi."

Alilisema vizuri, bila kukwama, kwa sababu alikuwa amelifanyia mazoezi. Gauthier alipokwenda kutafuta chakula, Niyigena akachuchumaa pale penye mchanga mtupu, na uongo wake ukaja ukachuchumaa naye.

Wiki zile tatu za ugonjwa alilala depo. Aliwaambia watu ni kazi. Kila siku alipeleka uji mpaka getini mahali pa matibabu, akautua chini, akaondoka kabla hawajamwita ndani. Siku ya maziko alimpigia mama yake simu, akasema yuko Bunagana kwa shangazi, barabara imefungwa. Hakuwa Bunagana. Alikuwa kwenye kona ya boutique ya Nshobole, maski usoni, hatua ishirini kutoka mlango wa kwao. Alimwona mama yake na birika. Alimwona akichoka mkono wa kulia, akihamishia wa kushoto, akirudisha wa kulia. Yeye alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe, anaona vipele visivyokuwepo, na miguu ilikataa. Hakuvuka. Jioni, mvua ilipokatika, aliingia nyumbani "kutoka safarini" na mfuko wa viazi alivyonunua soko la Virunga, ili vionekane vya Bunagana. Mama yake alimpokea mfuko, akavipika.

Hakuwahi kumwambia mtu. Alijiambia kwamba nyumba thelathini na mbili zikinawa, hata hilo litafunikwa.

Jumatano alipiga magoti kando ya mkeka. "Mama, kesho tunafungua. Ni ya Mahoro. Nimeazima beseni za avenue yote. Uje uone."

Mama yake alikuwa anachambua maharagwe. Hakuacha. "Unawaita watu kunawa?"

"Siwaiti. Watakuja kuchukua beseni zao."

"Mm." Jiwe moja likatupwa pembeni. "Kumbe unapanga vyombo na jina ya mutoto wangu."

"Mama, nataka uinuke! Nimechoka kukuona hapo chini!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Uwamariya akamtazama kidogo, bila hasira, macho ya mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi. Niyigena akainuka, akapangusa magoti. Mama akarudi kwenye maharagwe yake.

Alhamisi walikuja watu wa ville, wa mjini kati, wa mashirika, wanafunzi wa chuo, rafiki zake Gauthier wenye kofia. Walitembea katikati ya safu kwa heshima, wakapiga picha madoa ya jua juu ya maji, wakasema ni jambo zito. Bwana mmoja aliuliza kama maji yametiwa dawa ya chlore. Hakuna aliyechovya hata kidole, na Niyigena hakuwalaumu, maji hayakuwa yao.

Jumamosi ikafika. Saa tatu, hakuna beseni lililorudi Mabanga. Saa nne Niyigena akampigia simu muzee Munyakazi: mabeseni yako depo, kila mtu aje achukue lake. Yesu! Kelele aliyoisikia kwenye simu ilitosha kuamsha soko. Wapi na wapi mtu anaazima mlangoni kwako halafu anataka ukachukue mwenyewe? Mutoto gani huyu, amelelewa na nani? Walikuja kwa kundi, kwa miguu, wanawake mbele, kila mmoja ana hotuba yake tayari, na muzee Munyakazi katikati amevaa koti lake la mikutano.

Hotuba ziliishia mlangoni.

Kwanza ni baridi ya ndani, na ile harufu, na mwanga unaodondoka. Kisha mtu akaona varnish yake. Mwingine akaona uzi wake wa kijani. Wakaanza kuingia mmoja mmoja bila kusukumana, mchanga ukimeza nyayo zao, na kila mtu akatembea mpaka nyumbani kwake akasimama. Ilikuwa avenue yao, lakini bila kuta, bila kuku, bila redio, kila nyumba imebaki maji tu. Wakaona sabuni. Wakaona taulo. Wakatazama mwisho wa safu, pale palipokuwa na mchanga mtupu, na Niyigena amesimama na birika. Hapakuwa na mtu wa kuuliza ni nini.

Muzee Munyakazi ndiye aliyesema kwanza. "Mimi nilikuja kuchukua beseni yangu."

"Ichukue, muzee," Niyigena akasema. "Ni ya kwako."

Muzee akainama, akashika ukingo. Ili alibebe ilikuwa lazima ayamwage. Akainua upande mmoja, maji yakakimbilia upande wa pili, yakafika ukingoni kabisa, na hapo mkono ukasimama. Akalirudisha chini taratibu. Akatoka nje. Walimsikia akikohoa huko, akitembea huku na huko kwenye kokoto, akijibishana na mtu asiyekuwepo. Niyigena alifikiri amekwenda. Lakini muzee akarudi, koti amelivua, mikono ya shati ameikunja mpaka juu.

"Mutoto yule alikuwa ananyoa ndevu zangu," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Kila Noeli. Bure. Mimina."

Niyigena akamimina. Maji yakapita kwenye mikono ile mikubwa ya kizee, ikasuguana, mara moja, mara mbili, sabuni, tena maji. Muzee akajifuta na taulo akalia bila kujificha, na mkewe akasogea akaweka mikono yake hapo hapo.

Baada ya hapo walikuja wenyewe. Niyigena alitoka beseni hadi beseni na birika, na ilikuwa kama kutembea ndani ya usingizi ule wa ukungu, ila sasa mabeseni yametulia na watu ndio wanaoelea. Nshobole wa boutique alinawa haraka haraka, midomo ikisali. Mama mmoja alinawa akamnawisha na mtoto aliyembeba mgongoni, vidole vidogo vitano vitano. Kulisikika maji tu, na pua zikivutwa.

Philomène, fundi cherehani, alinyoosha mikono, kisha akairudisha kifuani.

"Niyigena, ngoja kwanza. Usinimiminie hujajua." Alisema akiyatazama maji. "Majivu yale ni mimi. Ya mulangoni. Alinisuka siku ya ndoa yangu, saa sita nzima, akaimba, na mimi nikamumwagia majivu kama siafu."

Mwaka mzima na miezi minne Niyigena alikuwa amemchukia mtu wa majivu bila kumjua sura. Alikuwa amempangia maneno. Sasa mtu huyo yuko mbele yake na varnish nyekundu ukingoni mwa beseni lake. Alitaka kumpiga birika la kichwa, tusidanganyane. Lakini yeye mwenyewe alikuwa nani? Philomène walau alifika mpaka mlangoni. Akainamisha birika, na maji yakatoka kwa kukatikakatika.

Alipomaliza beseni la thelathini na mbili, akarudisha birika kwenye mchanga mtupu, akaenda akaegemea ukuta wa upande wa pili. Wamenawa wote. Mama ataambiwa, mama atainuka. Alijisikia mwepesi, karibu acheke, na hapo akasikia mlangoni mke wa muzee Munyakazi akisema, "Ingia, Mama Mahoro. Ingia polepole, kuko mchanga."

Jina hilo lilipita depo nzima, watu wakageuka.

Uwamariya aliingia kwa miguu yake. Alikuwa amevaa pagne ya kutokea, na kichwani amebeba beseni la nyumbani kwao, la plastiki, lililopasuka na kushonwa kwa uzi wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na maji. Hakuna tone lililomwagika. Watu wakamsogelea, akawapa mkono mmoja mmoja, mikono yao bado ina unyevu. Halafu akasimama katikati akasema neno la shukrani, fupi, kama inavyotakiwa.

"Mulinisaidia kuzika mutoto wangu. Mungu awakumbuke. Sina pombe ya kuwapa leo, mutanisamehe."

"Pombe tutaleta siye," akasema muzee Munyakazi, na wengine wakaitikia, na mtu akacheka kidogo huku akijifuta macho.

Niyigena alisubiri mama amtazame. Alisubiri amwambie, mwanangu, umefanya. Mama hakumtazama. Alitembea mpaka mwisho wa safu, kwenye mchanga mtupu, akatua beseni lake pale. Akaokota birika, akachotea maji, akasimama nyuma ya beseni, wima, uso wake umeelekea mlangoni. Hakumwita mtu.

Watu wakangoja. Walidhani ni sala. Baada ya muda birika lilihamia mkono wa kushoto. Baada ya muda tena likarudi mkono wa kulia.

Hapo Niyigena akaikumbuka mikono ile ya siku ya maziko. Alikuwa upande wa pili wa depo, mgongo ukutani, na kati yake na mama yake palikuwa na hatua ishirini za mchanga mweusi. Hatua zile zile. Aliangalia mikono yake. Ilikuwa safi. Ilikuwa imelowa tangu asubuhi kwa maji ya watu wengine, na haikuwa imenawa.

Hakuna aliyemsukuma. Madoa ya jua yalitembea juu ya maji. Niyigena akatoa mguu mmoja ukutani, kisha wa pili. Alipita boutique ya Nshobole, akapita kwa Philomène, akapita kwa muzee, na safari ile ilikuwa ndefu kuliko ya Bunagana yoyote. Alipofika mbele ya beseni lililoshonwa akapiga magoti, akanyoosha mikono, viganja juu.

Mama akamimina. Maji yalikuwa ya nyumbani, yamekaa chini ya jua njiani, ya vuguvugu.

"Siku ile nilikuona," akasema Uwamariya kwa sauti ya chini, ya wawili tu. "Kwa kona ya Nshobole. Ulivaa jupe yako ya kijani. Ulisimama mupaka mvua."

"Mama..."

"Osha na katikati ya vidole." Akaongeza maji. "Hii avenue nilishaisamehe zamani. Walikuwa wanaogopa. Mimi nilikuwa nangojea mutu mumoja."

Akaweka birika chini, akaishika ile mikono miwili ndani ya beseni, akaiosha yeye mwenyewe, kidole kwa kidole, bila haraka. Niyigena akapasuka kilio, kilio cha kweli, cha sauti, kile ambacho hakuwa amemlilia dada yake hata siku moja, mbele ya avenue nzima, na hakuna aliyemwambia anyamaze.